Unywele Mmoja Nje

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, shangazi yangu huketi ukingoni mwa kitanda, huvuta kipande cha uzi wa hariri kutoka mfukoni mwa gauni lake la kulalia, na kukipitisha polepole juu ya ncha za vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Hufumba macho anapofanya hivyo. Huanza na gumba la kulia na kumaliza na kidole cha mwisho cha kushoto. Kwa miaka kumi na tisa, uzi ulipopita vidole vyote kumi bila kunasa, alisema "Haya," kama mtu aliyepewa ruhusa, kisha akainuka. Uliponasa, hata kwenye mkwaruzo mdogo wa karatasi, alitoa kwenye droo msasa laini na kichupa cha mafuta, akasugua mpaka uzi ukapita.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Alikuja kukaa kwetu baada ya kufiwa na mumewe, mimi nikiwa na miaka minne, na tangu mwaka ule kazi yake imekuwa kufunga nzi. Watu wakiambiwa hivyo huuliza nzi hao wana kosa gani. Ni nzi bandia: manyoya ya jogoo na ya sungura yanazungushwa kwa uzi kwenye ndoana ndogo hadi yafanane na kidudu cha mtoni. Wanunuzi ni watu wanaovua kwa burudani wakati wa kiangazi, huko juu milimani, kwenye mito baridi wanakoishi trauti, samaki wa madoadoa. Hawatumii minyoo wala unga. Humtupa nzi juu ya maji kwa ufito mrefu mwepesi, na samaki akidanganyika huvutwa, hutazamwa, kisha hurudishwa majini. Mama yangu husema hajawahi kuona watu wakisafiri mbali hivyo kwenda kumsumbua mtu kisha kumwomba radhi.

Mfungaji wa nzi hatakiwi kuwa na mikono mikavu. Hariri hunasa kwenye ngozi iliyochanika, na manyoya ya sungura, ambayo hupotwa kwenye uzi kwa gumba na kidole cha shahada, hushika kila ufa na kutoka yakiwa yamevurugika. Kwa hiyo shangazi hakufua. Hakuosha vyombo, hakukata kitunguu, hakubeba ndoo. Hayo yote yalikuwa juu ya mama, na baadaye juu yangu.

"Wifi yangu," mama alikuwa akimwambia, mikono yake imezama kwenye povu hadi kwenye viwiko, "hiyo si mikono. Hivyo ni vyombo vya wageni. Tuvifungie kabatini."

"Fungia, lakini ufunguo nipe mimi," shangazi alijibu, akipuliza chai yake.

Walitaniana hivyo miaka yote. Lakini zipo jioni ambazo mama aliigeuza sufuria ya mwisho kwa kishindo, na shangazi akaiacha chai yake ipoe.

Karakana yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba. Ngazi zinanuka tapentaini. Ndani kuna meza moja ndefu na wanawake kumi na mmoja, na kila mmoja ana jiliwa lake, kile kibano cha chuma kinachoshika ndoana, taa yake yenye shingo, mkasi wake na kopo la manyoya. Nilipomaliza chuo, nikawa nasubiri majibu ya maombi ya kazi ambayo hayakuja, shangazi aliniombea nafasi ya kuandika lebo. Nilikaa kwenye kimeza kando ya mlango nikaandika "Kijivu, dazeni moja" hadi mkono ukazoea kuliko akili.

Kijivu ndiye alikuwa nzi wa shangazi. Kila mfungaji ana nzi wake mmoja au wawili, na huyu alikuwa wake tangu mwanzo, hadi wenzake wakamwita Mama Kijivu. Mkia wa nyuzi tatu za unyoya, mwili wa manyoya ya sungura, pete ya unyoya wa jogoo shingoni. Ana urefu wa punje ya mchele. Wengine mezani walifunga nzi wadogo kuliko hao, wengine sawa na mbegu ya ufuta, na shangazi alishajaribu akashindwa. Macho yalimtoka machozi kabla ya kufika shingoni. Ana miaka hamsini na minne.

Ukutani palikuwa na kibao: KIZURI CHAJIUZA. Chini yake alikaa Mkaguzi, mama mwembamba mwenye kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya viatu. Kila nzi alipita chini ya kioo kile. Sheria yake ilikuwa fupi, na wote mezani waliijua kama sala: unywele mmoja nje, nzi nje. Aliyetoka nje alitupwa kwenye ndoo. Shangazi hakuwa ametupiwa nzi kwa miaka minane.

Tena palikuwa na desturi. Kila mwaka ulipoanza, Mkaguzi alichagua nzi aliye mzuri kuliko wote wa mwaka uliopita, akamweka kwenye kisanduku cha kioo katikati ya meza awe kielelezo. Wa mwaka wa nyuma alitolewa. Kijivu wa shangazi alikuwa akijirithi mwenyewe mle ndani, mwaka baada ya mwaka. Mwaka huu alikuwa mzuri hivi kwamba hata mimi, nisiyejua lolote, nilimsogelea kumtazama. Hakuwa na unywele uliopinda. Ungedhani amechongwa.

Jumatano moja katikati ya kiangazi, Taratibu alipanda ngazi akiwa amebeba kopo la biskuti.

Taratibu ni mwongozaji wa wavuvi kwenye nyumba ya wageni ya mtoni. Jina hilo amepewa kwa sababu ndilo neno analowaambia wageni wake tangu asubuhi hadi jioni. Kwa kawaida alikuja kuchukua nzi. Siku hiyo alikuja kuwarudisha.

"Dada," alimwambia shangazi, akiwa bado amesimama, "samaki wamewakataa."

 Mikasi yote mezani ilisimama.

"Wamewakataa vipi?"

"Wanakuja. Wanapanda hadi juu, wanatazama, wanageuka. Kama mteja anayeuliza bei kisha anakumbuka ana safari."

"Wageni wenu hawajui kutupa," alisema Mkaguzi.

"Wapo wasiojua. Wapo hata wanaojivua wenyewe masikio. Lakini nimetupa mimi, siku tatu. Miaka ya nyuma walikuwa wanapungua, tukasema labda maji, labda wageni. Kiangazi hiki mto umeshuka, maji ni kama kioo, samaki ana nafasi ya kuchagua. Amechagua." Akatoa barua kwenye mfuko wa shati na kumpa Mkaguzi, akitazama pembeni. "Hiyo si yangu. Ni ya mwenye nyumba."

Mkaguzi aliisoma kimya, kisha kwa sauti. Nyumba ya wageni ingeacha kuagiza Kijivu. Kama karakana ina Kijivu mwingine, dazeni moja ijaribiwe Jumamosi. Kama hana tofauti, basi.

Nyumba ile ndiyo iliyochukua karibu Kijivu wote. Hakuna aliyehitaji kueleza. Mama mmoja mezani alianza kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini aliona uso wa shangazi akaiachia methali katikati.

"Kijivu akienda," alisema shangazi, "na mimi naenda. Nitakaa nyumbani nifanye nini? Niangalie mikono?"

Akamgeukia Taratibu. "Huko mtoni ni mbali?"

"Saa mbili na nusu kwa pikapu yangu."

"Kesho nipeleke. Nataka kumwona huyo aliyenikataa."

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: katika miaka kumi na tisa, shangazi hakuwa amemwona trauti hata mmoja, wala mto wake.

"Na wewe uje," aliniambia tukishuka ngazi. "Utaniandikia nitakachosahau."

Mto ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani na ulikuwa na kelele nyingi kuliko nilivyodhani. Ulishuka kati ya mawe ya kijivu, ukituama hapa na pale kwenye vidimbwi vya kijani. Jua lilikuwa kali lakini maji yaliuma. Taratibu alituvalisha kofia, akatuonya tusiutupe mtoni hata uvuli wetu, kisha akatuongoza tukiwa tumeinama kama wezi wa kuku, kutoka chini ya mto kwenda juu, kwa sababu trauti hukaa akiwa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka.

"Yule pale. Nyuma ya jiwe jeupe."

Shangazi alitazama kwa muda. "Ndiye huyo? Mdogo hivyo?"

"Dada, ulitegemea nyangumi?"

"Kwa jinsi alivyonihangaisha, ndiyo."

Taratibu alifunga Kijivu mpya mwishoni mwa mshipi. Alitupa mara mbili hewani kwanza, mshipi ukakunjuka juu ya vichwa vyetu bila sauti, kisha nzi akashuka juu ya maji na kuanza kuelea kuelekea lile jiwe. Alielea vizuri. Alikaa juu ya maji akiwa amenyooka, msafi, kila unyoya mahali pake. Samaki aliinuka. Niliuona mdomo wake kabisa, na jicho. Alirudi nyuma pamoja na nzi, kama kiganja kimoja hivi, akimtazama. Kisha akazama.

"Ameniangalia," shangazi alinong'ona.

"Amemwangalia nzi wako."

"Ni mamoja."

Taratibu alivua kofia yake. Kwenye utepe wake wa kitambaa, katikati ya nzi wengine, alichomoa mmoja mchakavu, mwenye rangi ya vumbi, manyoya yamesimama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Huyu huwa namtoa nikiwa nimeshindwa kabisa. Namwogopea asikatike, maana nimebaki naye mmoja."

Alimtupa. Nzi yule hakuelea vizuri. Alilala ubavu, nusu ndani ya maji nusu nje, kama kitu kilichoanguka kwa bahati mbaya. Samaki aliinuka na hakutazama chochote. Maji yalipasuka, ufito ukapinda.

Taratibu alilowesha mikono yake kwanza, kabla ya kumgusa. Alimweleza shangazi kwamba mkono mkavu unamvua samaki ute wake, akaugua. Alimshika ndani ya maji, akamtoa ndoana kwa vidole viwili, akamwachia. Kisha akamweka nzi kwenye kiganja cha shangazi.

Shangazi alimsogeza karibu na macho, akamgeuza. Aliutazama uzi wa shingoni kwa muda mrefu. Yeye ni wa mkono wa shoto, huzungusha uzi kuelekea kwake, na mezani hakuna mwingine anayefanya hivyo.

"Huyu nimemfunga mimi," alisema.

"Ndiyo. Kopo la mwaka wa kwanza. Ulikuwa umeajiriwa juzi tu."

"Lakini huyu ni wa kutupwa! Tazama nywele! Mkaguzi wa wakati ule alipitisha vipi kitu kama hiki?" Alikuwa ameona aibu kweli, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani mbele ya wageni.

"Samaki hawakulalamika," alisema Taratibu.

Kisha akamwonyesha kile ambacho nzi yule alikuwa akikiiga. Aliingia majini, akageuza jiwe. Chini yake walikuwamo vidudu bapa, wenye mikia mitatu, wakikimbia mwanga. Alieleza kwamba vidudu hao huishi chini mwaka mzima, kisha siku moja ya kiangazi hupanda hadi juu ya maji, huchana ngozi yao mgongoni, na kutoka na mabawa. Kwa dakika ile moja, wakati ngozi ya zamani inaning'inia na mabawa bado yamekunjamana, hawawezi kuogelea wala kuruka. Ndiyo dakika anayoingoja trauti.

Shangazi alivua viatu. Aliinamisha ile mikono ambayo kwa miaka kumi na tisa haikuguswa na maji ila ya kuoga, akaitumbukiza mtoni, akageuza jiwe. Akalirudisha kama lilivyokuwa, jinsi Taratibu alivyofanya. Akageuza jingine. Mchana wote alikuwa hivyo, gauni limefungwa kiunoni, akihama kutoka jiwe hadi jiwe, na vidudu walipoanza kupanda saa kumi, alikaa kwenye jiwe katikati ya mto akawatazama wakichanika mmoja baada ya mwingine mbele ya magoti yake. Aliniita mara moja tu niandike. "Andika," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyechana nywele."

Asubuhi ya Ijumaa uzi ulinasa kwenye gumba la kulia. Ulinasa kwenye kidole cha shahada. Ulinasa kwenye vidole vyote kumi, na kwenye cha kati cha kushoto ulikatika. Maji baridi na mawe vilikuwa vimemchana ngozi kila mahali, na mikwaruzo ilikuwa imekauka kwa jua.

Shangazi alikaa kitandani akiitazama mikono yake. Hakusema "Haya."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Nilidhani angetania. Alikiweka kikombe chini, akaenda, akarudi na mafuta yake mwenyewe, yale ya kopo la bluu, akapiga magoti na kuanza kumpaka wifi yake kidole kimoja kimoja.

"Leo ndiyo unahitaji kuwa na mikono," alisema, "ndiyo umeipeleka kuchunga mawe."

"Nipake tu, wifi."

Karakanani alifunga wa kwanza kwa mikono iliyojaa mafuta. Manyoya ya sungura yalilala kwenye uzi, yakashikana, yakang'aa kama nywele za mtu anayekwenda kuposa. Akamtupa. Alimfunga wa pili akivuta nywele nje kwa sindano makusudi. Huyo alionekana kama nzi aliyejifanya mchafu. Akamtupa naye. Nzi wa zamani wa Taratibu alikuwa kwenye kipande cha sifongo mbele yake. Saa zilikwenda. Taratibu angefika saa kumi.

Karibu saa sita aliinuka, akaenda bafuni, akaosha mafuta yote kwa sabuni ya kufulia. Alirudi, akakausha mikono kwenye gauni, akachukua kidoa cha manyoya, akakipota kwenye uzi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisubiri kitu cha kuandikia lebo. Niliona manyoya yakishika kwenye nyufa za gumba lake la kushoto. Aliposukuma, baadhi yalifuata uzi na baadhi yalibaki nyuma, yakanyooshwa, yakatoka mengine marefu, mengine mafupi, hakuna aliyeyapanga. Akazungusha. Akafunga shingo. Akamtoa kwenye jiliwa na kumweka kando ya yule wa zamani.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja.

"Mikono ya dobi," alisema shangazi.

"Nini?" aliuliza Mkaguzi kutoka mezani pake.

"Kabla ya kuja hapa nilikuwa dobi hotelini. Miaka sita ya sabuni na maji ya moto. Nilipofunga wale wa kwanza mikono yangu ilikuwa hivi. Kisha mkanikataza maji, ikapona." Akacheka kidogo, peke yake. "Nimeshinda miaka kumi na tisa naiponya, kumbe ule ugonjwa ndio uliokuwa dawa."

Alifunga kumi na wawili, akawapeleka chini ya kile kibao. Mkaguzi aliinua kioo. Alimtazama wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Unywele nje."

"Najua."

"Wote kumi na wawili, nywele nje."

"Zihesabu vizuri, ziko nyingi kuliko hivyo."

Mkaguzi hakucheka. Alikitazama kisanduku cha kioo katikati ya meza, na yule Kijivu mzuri aliyekuwa ndani. "Kila mwaka nilichagua aliye bora," alisema polepole.

"Nami kila mwaka nikajitahidi kumshinda."

"Na mto sikuwahi kuuona mimi pia." Aliacha kioo kikaanguka kifuani kwenye kamba yake. Aliwaweka wale kumi na wawili kwenye kopo, akafunga kifuniko, na muhuri wa ukaguzi akauacha palepale ulipokuwa. "Mimi hawa sikuwaona," alisema. "Taratibu akifika, mpe wewe kwa mkono wako."

Jumamosi karakana hufungwa saa saba. Siku hiyo saa saba ilipita na hakuna aliyeshika mkoba wake. Simu ililia saa nane kasoro. Mkaguzi aliiweka mezani na kufungua sauti ili wote wasikie, na kitu cha kwanza tulichosikia kilikuwa maji.

"Taratibu? Sema kwa nguvu!"

"Siwezi," ilinong'ona simu. "Yupo mmoja hapa mbele yangu."

"Wale wetu wako vipi?"

"Nimebaki na wawili."

Shangazi aliziba mdomo. "Kumi wamepotea?"

"Wametafunwa, dada. Wametafunwa hadi ndoana ikabaki uchi. Mwenye nyumba yuko hapa, maji kiunoni, haongei na mtu. Anasema mlete wote mlio nao." Maji yakasikika kidogo. "Taratibu, mzee, taratibu!" akamwambia mtu mwingine, na simu ikakatika.

Kelele iliyopigwa mezani ilimtoa mwenye duka la rangi hadi kwenye ngazi kuuliza kama kuna moto.

Nyumbani, mama alisikiliza habari yote akiwa amejishika kiuno. "Kwa hiyo yule mzuri alikaa kwenye kioo," alisema, "na huyu mbaya amejitembeza mwenyewe hadi mtoni. Kibao chenu kiliishia njiani."

Lakini baada ya wiki mbili tulimkuta shangazi na shida mpya. Mikono ilikuwa inapona. Asubuhi ile uzi ulipita vidole vyote kumi bila kunasa, na alikaa kitandani amenuna kana kwamba amepata habari ya msiba. Siku hiyo Kijivu wake walitoka wamechanwa nywele vizuri.

Jioni, mama akiwa kwenye sinki, shangazi alikunja mikono ya gauni.

"Wifi, nipishe."

"Unatafuta nini?"

"Sufuria."

Mama alisogea kando polepole, kama mtu anayempisha nyuki. Shangazi alichukua ile sufuria iliyoungua, akachukua sifongo ya chuma, akatumbukiza mkono wa kushoto katika maji ya moto. Wa kulia aliuweka nyuma ya mgongo.

"Na huo mwingine?" mama aliuliza.

"Huu unashika uzi. Lazima uwe laini. Wa kushoto ndio unaopota manyoya."

Mama aliukodolea macho ule mgongo, na ule mkono uliotulia juu yake kama wa ofisa anayekagua gwaride.

"Miaka kumi na tisa nasubiri msaada," alisema, "nimeletewa nusu."

Tulicheka hadi baba akaja kuuliza. Na tangu hapo ndivyo ilivyo. Mama anashika sufuria, shangazi anasugua kwa mkono mmoja, na sijasikia tena kishindo cha ile ya mwisho.

Mimi karibu naondoka. Mojawapo ya yale majibu limekuja hatimaye, kazi ya maktaba, mji mwingine. Asubuhi ya jana nilimpelekea shangazi chai mapema, nikamkuta na uzi wake. Aliupitisha kwenye mkono wa kulia, ukapita kimya vidole vitano. Akauhamishia kushoto. Ukanasa kwenye gumba, ukanasa kwenye cha shahada. "Haya," alisema.

Dirishani pake sasa kuna kile kisanduku cha kioo. Mkaguzi alimpa, maana hakuna anayekihitaji tena mezani. Ndani bado yumo Kijivu mzuri wa mwaka huu, na kando yake, kwenye sifongo, yule mchakavu wa Taratibu. Mwanga ulikuwa unawapiga wote wawili. Nilikuwa nimemwandikia shangazi lebo kiangazi chote na sikuwa nimemuuliza swali hata moja, kwa sababu sijui kuuliza watu. Nilimuuliza hilo moja: kati ya hawa wawili, mwenyewe anampenda yupi?

Alipokea chai kwa mkono wa kulia, akawatazama.

"Yule mzuri," alisema. "Lakini mimi si samaki."